Kabla Hatujaondoka, Matangazo

Ibada ya Jumapili kanisani kwetu humalizika ndani ya dakika hamsini. Matangazo peke yake hula ishirini. Mwanzoni nilidhani ni uzembe wa kupanga mambo. Nilipokaa misimu miwili ya baridi nikaelewa: mahubiri watu huyasikiliza kwa adabu, matangazo huyasikiliza kwa masikio yote mawili.

Jumapili moja ya Januari 2025, siku ambayo hewa ilikuwa kali hadi kuvuta pumzi kunauma pua, tulikuwa watu kumi na mmoja. Matangazo yalikuja kwa mpangilio huu huu ninaouandika. Theluji juu ya paa upande wa jikoni imefika kiunoni, anatafutwa mwenye ngazi ndefu na magoti mazima. Bibi wa kiti cha tatu ametoka hospitali, hataki maua, anataka mtu wa kumlishia paka. Gesi ya kupashia joto imebaki robo tangi. Alhamisi ni siku ya kupika pasti, zile andazi za nyama tunazouza, kila mtu aje na kisu chake. Mkutano mkuu wa mwaka ni Jumapili ijayo, tuje na chakula. Halafu, kama kitu kilichokaribia kusahaulika mfukoni, barua ya Askofu.

"Askofu mwisho?" nilimnong'oneza mke wangu.

"Paa la Askofu halivuji," akanijibu.

Niseme kwanza tuko wapi. Ramani ya jimbo la Michigan ina vipande viwili. Cha chini ndicho chenye Detroit na viwanda vya magari. Cha juu, Upper Peninsula, kimeshikamana na Wisconsin kwa nchi kavu, lakini na jimbo lake lenyewe kimeunganishwa kwa daraja tu, lile la Mackinac lililofunguliwa mwaka 1957. Kaskazini yake ni Ziwa Superior, ambalo upepo wake hubeba theluji na kuja kuimwaga huku kwa mita, si kwa sentimita. Mke wangu ni muuguzi. Mimi kwetu Muheza nilikuwa mwalimu wa Kiswahili sekondari, na sasa nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mji wenyewe sitautaja, kwa sababu watu wake ni wachache kiasi kwamba nikishasema "bibi mwenye paka" nimekwisha kusema yote.

Ni mji uliozaliwa na shaba. Karne ya 19 walikuja wachimbaji kutoka Cornwall, kule kusini-magharibi mwa Uingereza, wakafuata Wafini, Waitaliano na Wakroatia. Kila kabila lilikuja na kanisa lake. Migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine, wajukuu wakafuata kazi kwingine, makanisa yakabaki. Barabara yetu moja ina makanisa manne, na Jumapili asubuhi huhitaji kuzunguka kutafuta pa kuegesha gari.

Letu ni la Episkopali, yaani Waanglikana wa Marekani. Jina lilibadilika kwa sababu ya vita: ukishampindua Mfalme wa Uingereza huwezi kuendelea kujiita Kanisa la Uingereza. Padre mmoja wa Connecticut, Samuel Seabury, alivuka bahari kwenda London kuombewa uaskofu, akakwama kwenye kiapo cha utii kwa Mfalme. Akapanda hadi Aberdeen, Scotland, na maaskofu wa huko wakamweka wakfu tarehe 14 Novemba 1784. Sasa piga hesabu. Waingereza walitua Jamestown mwaka 1607. Kwa miaka 177 Waanglikana wa nchi hii waliishi bila askofu hata mmoja katika ardhi yao. Nani aliendesha makanisa? Halmashauri za walei, wenye mashamba na wenye maduka, ambao walimwajiri padre, wakamlipa, na wakichoka naye wakamwonyesha njia. Tabia hiyo haijawatoka. Anayedhani kanisa lenye maaskofu ni kanisa la amri kutoka juu aje akae kwenye halmashauri yetu, aone barua ya Askofu inavyosubiri zamu yake nyuma ya chakula cha paka.

Siku ya kwanza tulipofika, nilimuuliza mzee aliyekuwa mlangoni, "Mchungaji yuko wapi?" Akanielekeza kwa mama mmoja wa makamo aliyevaa buti, anasukuma theluji kwenye ngazi kwa koleo. Nikajua ni mama mchungaji. Nikamsalimu kwa heshima anayostahili mama mchungaji, kisha nikamuuliza baba atafika saa ngapi.

"Baba gani?" akasema.

Kwetu mama mchungaji ni mke wa mchungaji. Huku ndiye mchungaji mwenyewe. Mkutano Mkuu wa Kanisa la Episkopali uliidhinisha upadre wa wanawake mwaka 1976, na kwa watu hawa jambo hilo limezeeka kama mabenchi. Mimi natoka upande wa Tanzania ambako dayosisi haitaki hata kulisikia, kwa hiyo ilinichukua muda. Sitajifanya kwamba nilikuwa mtu wa kisasa tangu siku hiyo. Wiki tatu nilipokea ushirika nikiangalia chini. Wiki ya nne basi la shule lilisimama mbele ya nyumba yetu, mlango ukafunguka, na aliyekuwa ameshika usukani akamwambia mwanangu afunge zipu ya koti ni yeye. Padre wetu ni dereva wa basi la shule. Jumatatu hadi Ijumaa anabeba watoto, Jumapili anabeba kikombe. Halipwi hata senti.

Si yeye peke yake. Shemasi wetu alistaafu kazi ya posta. Wapo wawili wenye kibali cha kuhubiri, mmoja anauza vipuri vya magari. Hawakutumwa kutoka mahali. Kanisa lenyewe lilikaa, likauliza ni nani kati yetu tunayemwona ana wito huu na nani ana ule, likawataja. Wakasoma miaka kadhaa sebuleni kwao, wakufunzi wakija na kuondoka, hawakwenda chuo cha mbali. Siku ya siku Askofu akaja akawaweka wote kwa pamoja, kila mmoja kwa kazi yake. Dayosisi yetu ya Northern Michigan imekuwa ikifanya hivi tangu miaka ya 1980. Kabla yake Alaska na Nevada walikwisha kuanza, kwa sababu zile zile: umbali mkubwa, watu wachache, hela hakuna.

Suala la hela nililielewa nilipoingizwa kwenye halmashauri. (Niliingizwa mwaka wangu wa pili. Kwenye kanisa la watu kumi na mmoja, ukikohoa wakati wa uteuzi umeshachaguliwa.) Padre wa kuajiriwa anahitaji mshahara, nyumba na bima ya afya, ambayo katika nchi hii ni mzigo wa kuvunja mgongo. Juu ya hayo kanisa linatakiwa kupeleka kwenye mfuko wa pensheni kiasi cha asilimia 18 ya mapato ya padre huyo. Zaidi ya nusu ya makanisa ya Episkopali nchini hayafikishi watu hamsini kwa Jumapili ya kawaida. Chukua watu hamsini, wengi wao wastaafu, ugawanye mzigo huo, na bado hujanunua mshumaa.

Nilipoelezwa mfumo huu kwa mara ya kwanza nilicheka, nikiona Wamarekani wamegundua kitu tulichokuwa nacho. Nilikulia kwenye kanisa la mlimani ambako padre alifika kwa pikipiki mara moja kwa mwezi, mvua ikiruhusu. Jumapili nyingine zote zilikuwa za katekista, aliyefundisha, akazika, akasuluhisha ugomvi wa mipaka ya shamba, na hajawahi kulipwa zaidi ya kuku na mikungu ya ndizi. Lakini kuna tofauti, na padre wetu ndiye aliyenionyesha. Katekista wetu aliachiwa kazi zote isipokuwa altare. Meza ya Bwana ilimsubiri mwenye pikipiki. Huku wakauliza: kama mtu huyu ndiye anayeliongoza kanisa kila siku, kwa nini msimpe upadre huyo huyo?

Swali hilo si lao. Walilichukua kwa mtu mmoja, na hapa ndipo habari hii inaponigusa mimi binafsi, mwalimu wa Kiswahili niliyepotelea kwenye theluji. Kwenye kabati la vitabu la kanisa, chini ya mafuta ya taa za altare, kulikuwa na bunda la karatasi za mafunzo ya padre wetu na wenzake. Jina moja lilijirudia: Roland Allen. Mwingereza, alizaliwa 1868, akatumwa China kama padre mmishenari mwaka 1895, akawa Beijing wakati wa uasi wa Mabondia wa 1900. Mwaka 1912 alitoa kitabu kilichowaudhi wakubwa wake wengi. Hoja yake ilikuwa nyepesi: Mtume Paulo alikaa mahali miezi kadhaa, akaweka wazee kutoka watu wale wale, akaondoka. Sisi tunakaa vizazi na vizazi, na bado tunasema hawako tayari. Alidai watu wapewe sakramenti na uongozi wao bila kusubiri padre wa kulipwa kutoka nje. Hakusikilizwa sana. Akamalizia maisha yake Kenya, na alifariki Nairobi mwaka 1947.

Nilisoma hapo "Nairobi" nikasimama. Allen. Nairobi. Mwalimu yeyote wa fasihi ya Kiswahili anamjua J.W.T. Allen, yule mkusanyaji wa tenzi. Ni mwanawe! Na mzee Roland mwenyewe uzeeni alijifunza Kiswahili, akakaa kutafsiri tenzi za zamani kwa Kiingereza. Tafsiri yake ya Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani, kazi ya Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa kwetu Tanga, ilichapishwa mwaka 1961 pamoja na maelezo ya mwanawe. Mimi nimeushika utenzi huo mikononi, nikawafundishia vijana vina na mizani, na sikuwahi kujiuliza mtafsiri alikuwa nani kabla ya kuwa mtafsiri.

Alhamisi ile nikawaeleza watu wa pasti, mikono ikiwa na unga. Kwamba huyo bwana mnayemfuata alimaliza siku zake akisoma mashairi ya Kiislamu ya pwani yetu. Wakanyamaza kidogo. Kisha mwenye vipuri akauliza kama ni mimi niliyechukua pini ya kusukumia chapati, au tuseme unga, maana haionekani.

Pasti ndiyo benki yetu. Ni chakula cha wachimbaji wa Cornwall: unga uliokunjwa kama nusu mwezi, ndani nyama ya ng'ombe, viazi, vitunguu na rutabaga, ambao ni mzizi wa manjano wa ukoo wa kabichi. Mchimbaji aliingia nayo shimoni, ikamshibisha mchana. Leo makanisa mengi ya huku huziuza kulipia gesi. Kwetu tunaanza saa kumi na moja alfajiri, mimi nikitoka kazini moja kwa moja. Nimepewa kazi ya kukunja kingo, kwa sababu mtu aliyekwisha kukunja sambusa vidole vyake havihitaji kufundishwa. Kuna ugomvi wa kudumu kuhusu karoti. Wapo wanaosema karoti ndani ya pasti ni ulaji wa watu wa chini ya daraja, yaani wa Michigan ya chini. Nimejifunza kutotoa maoni.

Zinazobaki haziuzwi. Zinaingia friza, na jioni ya Alhamisi hiyo hiyo tunafungua stoo ya chakula chini ya kanisa. Watu wanaanza kupanga foleni mapema, na foleni ni ndefu kuliko ibada yetu yoyote ukiacha Krismasi. Wengi siwajui kwa majina. Baadhi nawajua vizuri sana, kwa sababu ni wafanyakazi wenzangu wa zamu ya usiku.

Hapo ndipo tulipogombana na mzee wa daftari.

Ni yule yule aliyekuwa mlangoni siku ya kwanza. Alikuwa mhasibu wa mgodi enzi za mgodi, na kwa miaka ambayo hakuna aliyeweza kunitajia alikuwa ndiye mwenye daftari la ibada. Kila ibada ni lazima iandikwe: tarehe, nani ameongoza, wangapi wamehudhuria. Alihesabu wakati wa somo la pili, kwa kidevu, bila kunyanyua kidole. Mtoto aliye tumboni hahesabiwi, mtoto aliyezaliwa jana anahesabiwa, anayelala anahesabiwa, anayesubiri garini na injini imewashwa hahesabiwi. Alituhesabu sisi watatu siku ya kwanza, na nilimwona anafuta alichoandika na kuandika upya huku anatabasamu.

Kila mwaka kabla ya tarehe 1 Machi kila kanisa la Episkopali hupeleka taarifa ya parokia. Wanachama, sadaka, matumizi, na namba moja ambayo watu huisubiri kama matokeo ya kidato cha nne: wastani wa mahudhurio ya Jumapili. Kwa namba hiyo kanisa huonekana linakua au linakufa. Namba ya kitaifa imekuwa ikishuka kwa miongo. Katikati ya miaka ya 1960 kanisa hili lilikuwa na waumini zaidi ya milioni tatu, na leo ni kama nusu ya hapo. Mimi nikasema kwenye halmashauri kwamba watu wa Alhamisi wahesabiwe. Tunaomba nao kabla ya kugawa. Tunajua wagonjwa wao. Mmoja wao alituomba tumbatizie mjukuu. Kama hilo si kanisa, ni nini?

Mzee wa daftari akavua miwani. "Fomu inasema Jumapili."

"Lakini ukweli wa mambo..."

"Mwanangu, nimekuwa mhasibu miaka arobaini. Kila aliyeniharibia hesabu alianza na 'ukweli wa mambo'."

Taarifa ikaenda na namba ya Jumapili. Nilikasirika, nakiri. Nikamwona mtu wa karatasi.

Mkutano mkuu wenyewe ulifanyika chini, ukumbini, ambako tunasali kuanzia Krismasi hadi Pasaka kwa sababu kulipasha joto kanisa la juu ni kuchoma hela. Ajenda ilikuwa moja tu, nyingine zote mapambo. Paa. Fundi alitaka fedha zinazozidi akiba yetu yote. Kuuza jengo si jambo la kuamua sisi. Kanuni ya kanisa ya tangu 1979 inasema mali ya parokia imeshikwa kwa amana kwa ajili ya dayosisi na kanisa zima, na bila idhini ya Askofu na Kamati ya Kudumu hakuna kuuza hata kengele. Likaja pendekezo la kuhamia kwa Walutheri, nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Wasomaji wa nyumbani mtashangaa kidogo hapa. Tangu mwaka 2001 Waepiskopali na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani wana ushirika kamili. Mchungaji wao anaweza kusimama kwenye altare yetu akaadhimisha, na padre wetu akasimama kwao, na hakuna anayeuliza. Fikiria Anglikana na KKKT wa kijijini kwenu wakibadilishana wachungaji msimu wa mvua. Kwaresima tunakula supu pamoja nao kila Jumatano. Paa lao ni jipya. Jiko lao ni kubwa. Mimi niliunga mkono kuhama, na nilisimama nikasema hivyo, kwa Kiingereza changu cha mikutano. Nilisema kanisa ni watu, si mbao. Nilidhani nimesema vizuri.

Bibi mwenye paka hakusimama, alikuwa na mguu mbaya. Aliuliza tu: "Friza zetu zitawekwa wapi?"

Hakuna aliyejua. Walutheri ghorofa yao ya chini ina shule ya chekechea siku tano za wiki. Ningependa kuandika kwamba hoja ilijibiwa kwa Maandiko, lakini ilijibiwa kwa friza mbili. Uamuzi: tutengeneze paa nusu, upande wa jikoni na stoo. Upande wa altare tuweke turubai na ndoo, tungoje. Ukitaka kujua vipaumbele vya kanisa la shamba usisome dira yao ukutani, panda juu ukaangalie vigae vipya viko upande gani. Bado nadhani tungeweza kuhama. Lakini kura ilikuwa tisa kwa moja, na mke wangu alikuwa miongoni mwa hao tisa.

Habari kubwa za kanisa hutufikia, ila hufika zikiwa zimepoa. Novemba 2024, Sean Rowe alipoanza kazi ya Askofu Kiongozi, aliachana na sherehe ya kanisa kuu la Washington, akasimikwa kwenye kanisa dogo la makao makuu New York huku wengine tukitazama kwenye mtandao. Padre wetu alipenda hilo kuliko kila kitu. Majirani zetu wa Wisconsin walikuwa na dayosisi tatu, sasa wana moja. Dayosisi mbili za chini ya daraja nazo zimeungana, zinaitwa Great Lakes. Huku kwetu watu husikia habari hizo kama unavyosikia jirani amehamia kwa mwanawe: unaelewa, na unaangalia nyumba yako.

Moja ilifika ikiwa moto. Mei 12, 2025 Rowe alitangaza kwamba kanisa halitashiriki mpango wa serikali wa kuwapokea Makaburu kutoka Afrika Kusini kama wakimbizi, na litamaliza mkataba wake na serikali wa kuhudumia wakimbizi, kazi ya karibu miaka arobaini. Wakimbizi wa nchi nyingine walikuwa wamefungiwa mlango tangu Januari, na kanisa likataja pia udugu wake na Waanglikana wa kusini mwa Afrika. Padre aliisoma barua kwenye matangazo. Watu wote wakanigeukia. Mimi! Kutoka Muheza hadi Johannesburg ni mbali kuliko kutoka hapa hadi mpaka wa Mexico, lakini siku hiyo nilikuwa Afrika nzima. Nikasema naona kanisa limefanya sawa, na kwamba nawasikitikia waliokuwa wamekwisha kufunga mizigo huko kambini wakaambiwa wasubiri. Mmoja hakukubaliana, akasema mgeni ni mgeni. Hatukumaliza mjadala huo. Walikuja kwenye pasti wote wawili, yeye na padre, wakamenya viazi kwenye ndoo moja.

Mzee wa daftari hakuusikia mjadala huo. Alifariki katikati ya Februari, usingizini, wiki moja baada ya kuipeleka ile taarifa. Ibada ya mazishi tulifanya kwa wakati. Kuzika hatukuzika. Nilikuwa sijui jambo hili, na mke wangu alilazimika kunieleza mara mbili: ardhi ya huku wakati wa baridi inakuwa jiwe, na makaburi mengi hayachimbwi. Jeneza hupelekwa kwenye chumba maalumu cha makaburini, likakaa humo likisubiri masika. Kwetu mtu akifa asubuhi tunauliza kama tutawahi kabla ya jua kuzama. Hapa tulimuaga mzee, tukala sandwichi, tukarudi nyumbani, naye akabaki anangoja. Miezi mitatu nilipita na gari mbele ya lile geti kwenda kazini, na kila siku nilishusha sauti ya redio.

Daftari likaja kwangu. Sikuomba. Mjane wake aliniletea ndani ya mfuko wa duka, akasema mzee alisema apewe yule mwalimu mbishi. Nilikaa nalo mezani baada ya zamu. Safu za wino mweusi, herufi zile zile, Jumapili kwa Jumapili. Na pembeni kabisa ya kila ukurasa, mahali ambapo fomu haiulizi kitu, kulikuwa na safu nyingine ya kalamu ya risasi, nyepesi kiasi kwamba ilibidi nisogeze taa. Alh. 31. Alh. 44. Alh. 38. Miaka kadhaa nyuma, hata kabla sisi hatujafika. Nikakumbuka kwamba kila Alhamisi alikuwa akikaa kwenye kiti cha mlango wa stoo, na mimi nilidhani anapumzisha miguu.

Mwishoni mwa Aprili, kwenye matangazo, padre alisoma: ardhi imelegea. Maneno mawili tu. Watu wakaitikia kwa vichwa.

Tulimzika Jumamosi moja ya katikati ya Mei. Theluji ilikuwa imebaki vipande vyeusi kwenye kivuli cha miti, na chini kulikuwa na tope zito. Padre alivaa buti zile zile za siku ya kwanza, na stola nyeupe juu yake. Udongo kwa udongo, majivu kwa majivu. Kitabu chao cha Sala cha 1979 kinasema hata kaburini tunaimba Aleluya, na tukaimba, vibaya, kwa kuwa mwenye sauti ya kuongoza alikuwa ndani ya shimo. Walikuja Walutheri na mchungaji wao. Walikuja pia watu wa Alhamisi, wengi kuliko nilivyotarajia, wakasimama nyuma kidogo kama wanavyosimama kwenye foleni.

Baraka ikatolewa. Hakuna aliyeondoka.

"Kabla hatujaondoka," padre akasema, akitoa karatasi kwenye koti. Fundi wa paa anaanza Jumatatu, magari yasiegeshwe upande wa jikoni. Alhamisi kuna oda kubwa ya pasti, na viazi bado havijamenywa. Paka wa bibi ametoroka, ana mkia mfupi, akionekana asifukuzwe.

Nilikuwa nimehesabu wakati wa somo, kwa kidevu. Thelathini na wanane, pamoja na wachimba kaburi wawili waliosimama pembeni na koleo zao. Haikuwa Jumapili, kwa hiyo nilitoa kalamu ya risasi.